Kifuniko cha Mlango wa Seli

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumechimba shimo la choo cha gereza la zamani, tukapata mlango. Mlango mzima! Wa chuma, na tundu la kuchungulia wafungwa, na kifuniko chake. Wiki nzima tunaokota vifungo vya mashati, leo mlango. Bosi kafurahi hadi kavua kofia. Bawaba zinakubali seli moja tu – ile ya Mjomba, aliyefungwa humo kwa ajili ya siasa.

Nikampigia simu hapo hapo. Nikamweleza. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 6 Machi

Mlango umerudi mahali pake. Kifuniko kimegoma. Fundi katia mafuta, kagonga, katukana kwa heshima. Bosi kajaribu na bisibisi – kajikata kidole. Basi, kibaki hivyo hivyo. Jumamosi gereza linafunguliwa kama makumbusho, mgeni rasmi ni Mjomba, na picha yake itatundikwa mlangoni: “Aliteseka humu.” Maneno ni yangu. Kanilea yeye, na hadithi zake za seli ndizo zilizonitia kwenye kazi hii ya kuchimbachimba.

Alhamisi, 7 Machi

Mjomba kaja kuona. Kavaa suti ya Jumamosi, eti anaijaribu.

Bosi akamweleza kwamba kifuniko kimetushinda. Mjomba akawa anamuuliza habari za viti vya wageni, na huku kainua mkono, kidole gumba chini ya kifuniko – juu kidogo, halafu kushoto. Kikafunguka! Hata hakukiangalia.

Fundi akasema mzee ana mkono mwepesi. Tukacheka wote. Mjomba naye akacheka, kisha akautazama mkono wake, akautia mfukoni.

Upande wa ndani, wa mfungwa, hakuna cha kushika. Chuma kitupu. Nimekagua mara mbili. Kifuniko kile alikuwa anakifungua askari tu.

Njiani kurudi nyumbani alisema tu kwamba suti inambana kwapani.

Bosi kapiga simu: picha ikachapishwe? Nikamwambia mtandao unasumbua. Nampenda huyu mzee, na sijui nimweke upande gani wa ule mlango.

Jioni hii nimejifungia chumbani, naandika. Mjomba yupo nje ya mlango wangu – naona viatu vyake kwa chini. Kakohoa. Kaondoka. Karudi.

Kasimama tu. Hapigi hodi.