Mwambie Mize Mimi Si Daktari wa Sindano

Shamba la chai, Kericho
Jumapili baada ya alasiri

Kwa mke wangu Bi Mwanaesha, Mbwajumali.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Pokea salamu za mtu aliyechoka lakini mzima, alhamdulillahi. U hali gani, na goti la mama limepoa? Mwanetu Mize je? Nawe shemeji Famau, unayemsomea dada yako barua hii, nakusalimu pia. Soma polepole, usiruke mahali kwa kuona haya. Ya mke na mume nimeyaacha moyoni kwa ajili yako.

Ama baada ya salamu, barua yako imefika, na tangu niisome sina raha. Wasema Mize ukimwonesha picha yangu akimbilia uvunguni mwa kitanda. Wasema mdogo wangu Shee ndiye amwitaye baba, na Shee akimkataza, mtoto alia. Kisha waniuliza kama nitaongeza kandarasi ya miaka miwili kama memsabu ninayempikia anavyotaka. Mambo hayo umeyapanga mstari mmoja, nami nimekuelewa vizuri sana.

Kwanza hiyo picha. Laiti ningejua! Mpiga picha wa mjini ndiye aliyenivika koti lake, tai yake na ile chepeo, akaniambia nyumbani wataniona bwana mkubwa. Nami kwa upumbavu wangu nikavua kofia nikaitia mfukoni. Sasa huko kwetu Mize amemwona nani mwenye tai na chepeo, isipokuwa yule daktari aliyekuja kuwachanja watoto? Mwana ana haki yake. Ningekuwa yeye ningekimbia mpaka Siyu. Itoe ukutani, ifungie kashani, na umwambie mimi si daktari wa sindano.

Umeniomba nikuandikie mambo niyapendayo, umhadithie, apate kumjua babake japo kwa maneno. Wallahi nilicheka peke yangu. Huku hakuna aulizaye napenda nini. Naulizwa maji yamechemka, naulizwa viazi vimeiva. Kuni ni mbichi, moshi wanitoa machozi, na baridi ya nti hii yaingia mpaka kwenye meno. Chakula chao chachemshwa tu, hakina bizari wala ndimu, nikikionja nahisi mgonjwa ni mimi. Jioni mgongo haukunjuki. Lakini yeo Jumapili memsabu ameenda kwa wageni, nimepata kijua nyuma ya jiko, basi sikiliza.

Mwambie babake apenda mkate wa mofa, ule uliobabuka pembeni, ungali ukiunguza vidole. Asiletewe sahani. Apenda kusikia mbuzi ikikuna nazi nyumba ya jirani, kabla hujajua wanapika nini. Apenda harufu ya majani ya tumbaku yakianikwa, ijapokuwa tumbaku yenyewe yamtia kizunguzungu. Papa mkavu hampendi. Hilo nalo mwambie, maana mama atamdanganya kuwa nilikuwa nakula kila kitu.

Mwambie napenda kushona kofia. Wewe ndiwe mchoraji, wachora maua kwenye kitambaa, nami nashona vile vito, nazungushia uzi tundu baada ya tundu, nimekaa barazani na wenzangu, kila mtu na kofia yake mkononi na midomo haifungwi. Umewahi kuniambia, "Bwana Bakari, kito kimoja, maneno mia! Kofia hii utaivaa ahera." Ninayo huku. Mtunza bustani, mtu wa Kisumu, aliponiona na sindano alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, kwenu wanaume ndio wanashona? Sasa wanawake wanafanya nini?"

"Wanachora," nikamwambia, "halafu wanakosoa."

Tulicheka sote. Lakini vidole vyangu vimekufa ganzi, Mwanaesha, ua moja sijalimaliza tangu mvua zianze.

Na lile nilipendalo kuliko yote ni hili. Nikiwa mdogo kama Mize, marehemu baba akirudi shamba hunipasulia dafu. Maji yote hunipa mimi, kisha huchonga kijiko kwenye kumbi lake, tukakaa kizingitini tukakomba ile nyama laini. Yeye hukomba kidogo kidogo makusudi, ili nyingi iwe yangu. Hakuwa mtu wa maneno. Sura yake naanza kuisahau, lakini mkono ule na kijiko nauona hata sasa.

Nilipofika hapo niliweka kalamu. Nilijiuliza, na Mize je, yeye apenda nini? Sikujua. Apenda wali au mkate? Akilia hunyamazishwa kwa kitu gani? Dafu akomba na nani? Na Shee, bila shaka. Simlaumu Shee, Mungu amlipe kheri, lakini roho iliniuma, nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya kuku wa memsabu.

Bibi mwenyewe akarudi akanikuta papo hapo.

"Bakari, umefikiri lile neno?"

"Nimefikiri, memsabu. Miaka miwili siwezi."

"Mpishi kama wewe nitamtoa wapi?"

"Atapatikana, memsabu. Mimi nina mwana."

Akageuka, akaingia ndani. Mpaka sasa hajaniita. Akinuna na anune. Kandarasi hii yaisha kabla ya Ramadhani, na ikiisha, inshallah, napanda gari la moshi, sirudi nyuma.

Nisalimie mama, nambusu mkono, aniombee ndia njema. Nisalimie mwalimu wa chuo, na jirani yetu Bi Zena, mwenye nazi zake asubuhi. Mpe Shee salamu nyingi, na umwambie asimkataze tena mtoto. Amwache amwite baba mpaka nifike, asimlize.

Nawe usiniandikie Mize apenda nini. Nataka nimuulize mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Bakari