Wimbo Wetu Kwenye Gari la Mabati

Kwako Mutwiri, kaka yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu kila mara ilitoka kama ya mtu mwenye hasira. Hasira ilinitoka kitambo. Kilichobaki ni shaka, nayo imenikalia vibaya. Naiandika wazi ili wale wengine waliokupenda tangu mwanzo waisome pia, maana najua wanajiuliza kama mimi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa sokoni Gakoromone nikimsaidia mama kupanga viazi. Gari la matangazo likaingia upande wa wauza kabeji, spika mbili juu ya paa, likipiga wimbo. Gita lilinifikia kwanza. Noti nne zinashuka, ya tano inakataa kushuka. Mikono yangu ikasimama. Kisha ikaja sauti yako, laini kama ya mtu aliyetoka kunywa chai ya tangawizi: "Mvua haitamkuta baba." Mwanamke fulani akamalizia kwa furaha akitaja mabati ya rangi.

Mama aliendelea na viazi vyake, akifuatisha wimbo kwa sauti ya chini. Nilimwonea huruma. Nilidhani hajui anachoimba.

Unaikumbuka ile nyumba ya mtaa wa Dallas, Embu? Mimi nilikuwa nasomea ualimu, wewe ulikuwa umeacha chuo na hukuwa umemwambia mtu ila mimi. Chumba kimoja, pazia katikati, kwako gita, kwangu vitabu. Kutu, bendi yenu ya roki nzito, ilipoanza mlikuwa watatu: wewe, mpiga ngoma, na yule wa besi ambaye hakuwa na besi, alikuwa na gita la kawaida alilolitoa nyuzi mbili. Mliegemeza godoro dirishani ili kelele isitoke. Ilitoka. Mama mwenye ploti, aliyetupangisha, akaja kubisha.

"Kijana, kwani mnamchinja nani huko ndani?"

"Hakuna, mama. Tunaimba."

Akanigeukia mimi. "Na wewe msichana unakaa tu hapo unasikiliza?"

Nikasema ndiyo. Akatuombea pale pale mlangoni, ameshika kitasa, nanyi mkainamisha vichwa hadi akasema amina. Alipoondoka mkaendelea mlipoachia.

Nilikuwa shabiki wenu wa kwanza. Tisheti nyeusi za mitumba niliziandika KUTU kwa rangi ya geti, zikikauka zinakuwa ngumu kama kadibodi. Ya kwanza niliivaa mimi. Ya pili alichukua Njeru, yule fundi wa pikipiki wa Karurumo, aliyekuja kila mlipopiga na kusimama mbele kabisa, mikono kifuani, akitikisa kichwa tu. Mara ya kwanza mlipopata ukumbi pale Embu tulikuwa watu kumi na tisa, na mliimba kama mliojaza uwanja.

Ni siku hiyo nilipousikia "Mvua Ilimkuta". Hukuwa umeniambia umeuandika. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alianguka shambani asubuhi akichuma kahawa, mvua ikanyesha, naye akabaki pale chini. Mama alisema lazima amepitia kiwanda cha kahawa. Wewe ulikuwa mjini na hukuuliza. Mimi nilikuwa nyumbani. Tulimpata saa kumi jioni, kofia yake imejaa maji. Tulimzika, tukashukuru majirani, na hakuna kati yetu aliyewahi kuitaja tena siku ile. Sasa wewe umesimama mbele ya watu kumi na tisa unanguruma, "Hatukumtafuta! Hatukumtafuta!" na hakuna aliyeshika hata neno moja ila mimi. Njeru alidhani unaimba habari za vita. Nililia, nikashukuru kwamba taa za ule ukumbi zilikuwa mbovu.

Kwa hivyo unielewe nikikwambia kwamba nilianza kukuchunguza mapema. Jina la bendi, lililokuwa limechorwa kama mizizi hadi hakuna wa kulisoma, likageuka herufi safi za manjano. Ukanyoa nywele. Simu yako ikaanza kupokelewa na mwanamume mwenye sauti ya benki: "Mutwiri yuko kwa mkutano, nimwambie ni nani?" Mimi, wa tumbo moja nawe, ati nimwambie ni nani! Halafu ukasema redioni kwamba Kutu sasa ni muziki wa familia nzima. Mtangazaji akakuuliza ule wimbo wa mvua unahusu nini, ukajibu unahusu matumaini. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikamkosesha mtoto wa watu hesabu aliyokuwa ameipata.

Njeru alinipigia jioni ile. "Kendi, hao wameshanunuliwa."

Nilikutetea. Nilimwambia mtu huchoka kuimbia watu kumi na tisa. Lakini baada ya gari la mabati niliacha kukutetea. "Ilimkuta" imekuwa "haitamkuta". Nani alikaa mezani na kalamu akabadilisha neno hilo? Nililala na kuamka na swali hilo.

Ndiyo maana nilikuja Embu mlipopiga lile onyesho lenu la mchana. Nilikuta viti vya plastiki, watoto wamechorwa vipepeo mashavuni, na hema kubwa la watu wa mabati. Njeru alikuwa amesimama nje ya kamba, tisheti yake ameivaa nje-ndani.

"Nimeigeuza," akaniambia. "Sitaki wafikirie mimi ni wa hii."

Mimi niliingia, nikakaa nyuma kabisa. Nilikutazama vile ninavyomtazama mwanafunzi ninayeshuku amenakili. Zamani ulikuwa ukiuimba umefumba macho. Safari hii uliyafumbua, ukatabasamu palepale pa mvua, na akina mama wakapiga makofi. Baadaye ulinikuta nyuma ya hema.

"Umekuja," ukasema.

"Nimekuja kuona kama ni wewe."

"Na ni mimi?"

"Bado sijui. Ulimwuliza nani kabla ya kumpeleka baba kwa mabati?"

Ulitazama viatu vyako, na niliona ni vipya. "Nilimwuliza mama."

"Muongo."

"Nenda umwulize, Kendi."

Yule wa sauti ya benki akakuita ukapigwe picha na familia fulani. Nikaondoka bila kukuaga. Najua uliniona nikienda.

Mama nilimkuta jikoni anachambua maharagwe. Nilimwuliza kama ulifika.

"Alifika. Alikaa hapo ulipokaa."

"Akasema nini?"

"Alinisomea ule wimbo wenu. Pole pole, kama anasoma Biblia. Miaka yote hii nilijua mnaimba mambo ya shetani, kumbe ni baba yenu." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Nikamwambia hayo maneno ya hatukumtafuta ayatoe. Watu wa hapa wakisikia watasema aje? Mimi mwenyewe nilisimama kwa mlango nikiona ile mvua inakuja, nikasema huyo ni mtu mzima, atajikinga."

Hakuwa amewahi kuniambia hayo, Mutwiri. Nilipaswa kumshika mkono. Badala yake unajua nilimwuliza nini? Nilimwuliza kama ulifika kabla ya watu wa mabati kukutafuta, au baada.

Mama aliacha maharagwe. "Kwani wewe ni polisi?"

Akayarudia maharagwe yake, nami sikuthubutu kuuliza tena. Kwa hivyo sijui. Labda ulikwenda kwa mama na moyo safi. Labda ulikwenda karatasi ikiwa tayari mfukoni, ukamsomea maneno ukijua vizuri ni yapi atakuomba uyatoe. Nakujua. Utotoni ulikuwa ukiomba ruhusa ya sukari ukiwa nayo mdomoni.

Nimelifikiria hilo wiki nzima, hadi nikaanza kujishuku mimi. Njeru ana sababu yake ya kuumia: alipenda kitu kilichokuwa cha watu wachache, sasa kinachezwa kwa wauza kabeji. Mimi je? Kwa nini mimi niliyeelewa kila neno ndiye niliyetaka wimbo ubaki bila kueleweka?

Nitakwambia, kwa kuwa sitaki tena kulibeba hili peke yangu. Asubuhi ile aliyoanguka baba nilikuwa kitandani na ile simu ya zamani uliyoniachia, waya zake masikioni, nikisikiliza bendi za ng'ambo ulizonijazia humo. Baba aliita. Kati ya wimbo mmoja na mwingine nilisikia "Kendi", mara moja tu, ikitoka upande wa shamba. Nikadhani anataka gunia. Nikaongeza sauti.

Ulipokuwa ukinguruma "hatukumtafuta" ulikuwa umeniweka ndani ya neno moja nawe na mama, na kwa kuwa hakuna aliyelisikia, nilikaa humo salama. Wewe hukupiga simu, mama alisimama mlangoni, lakini aliyeitwa kwa jina ni mimi. Ulipoanza kuimba kwa maneno yanayosikika, niliogopa. Nikauita woga huo uaminifu wa shabiki wa zamani.

Mama nilimsomea barua hii jana, pole pole, kabla ya kuituma. Nilipofika hapo kwenye kuongeza sauti, aliinuka, akanimiminia chai, akakaa karibu yangu kwenye kiti kimoja, na kiti chenyewe unakijua kilivyo chembamba.

Usidhani nimekuachilia. Bado nataka kujua ni kabla au baada. Ikiwa ni kabla, nitakuomba radhi mama akinisikia. Ikiwa ni baada, sema ni baada, nami nitakukasirikia kama ndugu, tuyamalize. Njoo Jumapili baada ya kanisa, na umwache huyo wa sauti ya benki hukohuko. Lete gita. Mama anasema wimbo wa garini ameuzoea. Sasa anataka kuusikia ule mwingine, na maneno yote yakiwa ndani.

Tunakungoja,
dada yako,
Kendi