Matangazo ya Tarehe 3 hadi 9

Jumatano, 14 Agosti

Leo nimemwokoa bosi tena. Mnara wa redio yetu ulikufa tarehe 3 mpaka 9 mwezi huu, matangazo ya watu yakabaki kwenye kompyuta bila kusikika. Yote yanatakiwa hewani Jumamosi. Bosi akataka kuita fundi. Fundi! Na mimi mtunza kanda wa miaka kumi na mmoja nipo? Nikamwambia ni kazi ya kupepesa jicho. Akasema sawa, ukiharibu utafute kazi kwingine. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 15 Agosti

Mpwa wangu wa kompyuta kanifundisha skripti — unaiamuru mashine, inachambua mafaili kwa tarehe iliyo kwenye jina. Nilielewa kabla hajamaliza. Ila ana ubishi! Eti, "Mjomba, majina yako yanaanza na siku, na mashine inasoma kutoka kushoto. Geuza, mwaka utangulie." Majina yale nimeyabuni mimi, yeye akiwa shule! Nikamwambia, "Kapumzike, mama."

Nikaandika mwenyewe: chukua kila jina kuanzia 03 hadi 09. Nilitegemea mafaili arobaini. Ikatoa elfu tano na ushei! Huo ndio mkono wangu.

Jumamosi, 17 Agosti

Tuko hewani tangu asubuhi. Mtaa mzima umejaza ndoo — maji yatakatika. Yalikatika miaka sita iliyopita. Vijana wanamsaka mbuzi mweupe aliyepotea. Mwenyewe anaapa alishamla.

Mpwa kapiga: Mjomba, umechukua tarehe 3 hadi 9 za kila mwezi, kila mwaka! Nikamwambia najua.

Bosi naye kapiga. Mtu mwenye kazi hapokei simu.

Jumapili, 18 Agosti

Kuna msiba kwa mjane wa fundi saa. Fundi saa alikufa miaka minne iliyopita! Bosi kasema nenda kawaambie umekosea, la sivyo usirudi.

Nikaenda. Mikeka mpaka barabarani. Mjane, "Jamani, huyu nilishamzika!" Wanamwambia jikaze, huo ni uchungu. Mume wake mpya, kinyozi, yuko katikati anapewa pole. Anaitikia!

Nikakohoa niseme. Dada wa marehemu akanidaka shingoni, analia. Mara ile alikuwa mbali, hakumzika kaka yake; redio yetu Mungu aibariki. "Mazishi saa ngapi, baba?"

Wote wananitazama. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu!

Nikasema saa kumi.

Sasa ni saa tisa na nusu. Naandika nikiwa chooni kwao. Nje wanagawana majembe. Kinyozi anauliza kaburi lichimbwe wapi — wanamwambia tulia, mtu wa redio akitoka atatuonyesha.