Kanga ya mama bado iko juu

Jumatano, kipupwe. Jua lipo lakini halichomi. Upepo wa kusi unavuma tangu alfajiri, na mimi sihisi chochote. Ndiyo hali ya hewa ya leo, ya nje na ya ndani.

Ni siku ya kumi na tatu tangu mama afariki. Watu wa matanga wameshaondoka, masufuria ya kuazima yamesharudi kwa wenyewe, na likizo niliyopewa skuli inakaribia kwisha. Nakula nikipewa. Nasali kwa wakati. Nikiulizwa hali nasema alhamdulillahi, na papo hapo nimeshasahau nani kaniuliza.

Sijalia. Siku ya mazishi nilikaa nikitazama viatu vilivyojaa mlangoni, nikiwaza vipi kila mtu ataijua jozi yake.

Nieleze kidogo kwetu, maana wengi mnaosoma hapa hamjafika. Nyumba yetu iko juu ya kilima, njia ya kwendea Konde. Upande wa kusini, bondeni, kuna machimbo ya mawe, na kwenye machimbo kuna mashine ya kusaga kokoto. Ikisaga hutoa vumbi jeupe. Miezi ya kaskazi vumbi hilo huenda upande wa pili, hatulioni. Masika mvua hulilaza. Lakini kipupwe, kusi ikishika, linapanda moja kwa moja majumbani, kwenye maji, kwenye nguo, kwenye majamvi ya karafuu na kwenye vifua vya watu.

Mama aligombana na wenye machimbo muda mrefu, mwisho wakapatana. Mapatano yenyewe hayajaandikwa popote. Nyuma ya jiko letu alisimamisha boriti ya mkandaa. Upepo ukielekea majumbani, anapandisha kanga ya rangi ya chungwa. Wa bondeni wakiiona, wanazima mashine. Upepo ukilegea au ukigeuka, anaishusha, wanawasha. Kila mara huchota kwanza majivu jikoni, akayarusha juu na kutazama yanakokwenda. Hakuwa na kipimo kingine. Wanaume wazima na mashine yao walimsubiri bibi mmoja na kiganja chake cha majivu. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye ndiye waziri wa hewa, na alikuwa akilipenda jina hilo kuliko alivyokiri.

Kifua chake mwenyewe kilikuwa kimeshaharibika. Mapatano yalimkuta amechelewa.

Asubuhi ile ya mwisho alipandisha kanga huku anahema, akafunga kamba, ndipo akakubali kuingia kwenye gari kwenda hospitali mjini Chake. Aliniambia tutarudi kabla upepo haujageuka. Tulirudi naye siku ya pili, amefunikwa.

Tangu hapo kilima chetu kimekuwa kimya. Nimelala mchana madirisha wazi. Nguo nyeupe zimekaa kambani kutwa na zimebaki nyeupe. Niliona yote hayo, ila sikujiuliza. Mwanzo nilidhani machimbo wamenyamaza kwa heshima ya mama. Baadaye nikadhani mashine imeharibika. Baadaye sikudhani kitu.

Leo asubuhi kaja Bi Mgeni, jirani yetu. Kila siku tangu msiba amekuwa akiniletea bakuli la uji. Leo kaja mikono mitupu. Alikaa barazani, akazungumza habari za kuku wake, akazungumza habari za baridi. Mumewe, Kombo, ndiye anayelisha mawe mashine ya bondeni, na hulipwa kwa siku aliyofanya kazi tu.

"Mwanangu Salma," akasema mwisho, "mie sikuja kukusumbua. Ila ile kanga ya mamaako."

"Kanga gani, Bi Mgeni?"

"Bado iko juu, mwanangu. Wanaume siku zote hizi wako majumbani. Kombo anaona haya kukwambia. Na yule baba Neema, msimamizi wao, kasema kanga ya marehemu yeye haigusi."

Nikatoka nje. Ilikuwepo, imepauka, inapepea kuelekea nyumbani. Siku kumi na tatu nimepita chini yake na sikuinua kichwa hata mara moja.

Niliona aibu. Kwa uchache nadhani ile ilikuwa aibu. Uji niliokuwa nikiunywa ulitoka kwenye nyumba isiyokuwa na kazi, na kazi haikuwepo kwa sababu yangu.

Lakini niseme kweli, maana hapa ndipo ninaposema kweli: sikutaka kuishusha. Vitu vyake vyote nimeshavifua, nimeshavikunja, vingine nimeshavigawa. Lile fundo la kamba tu ndilo lililobaki kama alivyoliacha kwa mkono wake. Na nikiishusha, vumbi lililomwua litaanza tena. Bi Mgeni ana mjukuu mwenye pumu, nikamuuliza habari za mtoto huyo, nikitumaini ataniambia niiache.

"Mjukuu wangu yupo, na chakula chake kinatoka kule bondeni," akajibu. "Mie sikwambii uishushe. Nakwambia uangalie upepo. Mamaako hakuwa akiipandisha akenda zake."

Basi nikaingia jikoni, nikachota majivu, nikayarusha. Yote yakanirudia usoni. Kusi bado ilikuwa inakuja kwetu, kwa hiyo kanga ikabaki. Bi Mgeni alinifuta macho kwa upande wa kanga yake, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikasubiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusubiri kitu.

Baada ya sala ya adhuhuri nikarusha tena. Majivu yakapanda kidogo, yakaanguka miguuni pangu.

Fundo lilikuwa limekaza. Vidole vilishindwa. Nilifikiria kisu, lakini nikikata kamba kesho nitapandishia nini? Nikalifungua kwa meno. Lilikuwa na ladha ya chumvi. Lilipolegea, kanga ikanishukia mabegani, na nikainusa mara tatu. Haikuwa na harufu ya mama wala ya vumbi. Upepo ulikuwa umeisafisha kabisa.

Baba Neema alikuwa amepanda mpaka nusu ya kilima. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

"Pole sana, dada," akasema. "Tuwashe?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

"Washeni," nikasema.

Mashine ikaanguruma. Vumbi likainuka, likasimama palepale bondeni. Nilirudi ndani, nikajikuta nimefunga madirisha na kuweka kitambaa chenye maji chini ya mlango, vile vile alivyokuwa akifanya yeye. Nililia hapo chini, kwa muda mfupi tu, kisha nikaacha. Sikusikia nafuu. Nilisikia njaa.

Sasa ni alasiri. Muda mfupi kabla ya kukaa kuandika nilirusha majivu mara ya tatu, na yakaja usoni. Nimeipandisha kanga. Wiki ijayo nikirudi kusomesha sijui nani atautazama upepo. Kesho nitamuuliza Bi Mgeni. Fundo langu ni baya, mama angelicheka na kulifunga upya. Nimelivuta mara mbili kuhakikisha, nikasimama chini yake nimeinua kichwa, nikangoja, mpaka mashine ikazimwa.