Anayefungwa Achomwe

Jumatatu, 7 Novemba

Zahanati siku nzima: watu wanne. Dozi sitini za chanjo ya mafua, watu wanne! Wanaume wa Redeyef waliingia shimo la fosfeti bila kupepesa macho, leo wanaogopa benchi letu. Wote wako mkahawani kwa Ami Lazhar, wanakoholeana juu ya karata. Baba yangu wa kwanza wao. Miaka thelathini ya vumbi kifuani. Februari alilala siku kumi na moja kwenye oksijeni, na daktari akanivuta kando: mafua mengine kama haya, hatutakuwa naye.

Nimeamua. Wasipoifuata sindano, sindano itawafuata.

Jumanne, 8 Novemba

Nilimwomba Ami Lazhar meza ya kuchanjia, akajikuna kichwa. Eti mwanamke hajawahi kukaa mkahawani kwake. Nikamwambia sikai, nasimama. Akacheka, akanipa meza karibu na friji ya soda.

Usiku nikamwambia Baba. Kijiko kikasimama juu ya bakuli.

"Mle ninamokaa mimi?"

"Ndimo mnamoambukizana, Baba."

"Basi mimi hunigusi. Binti yangu anivue shati mbele ya wanaume? Bora nife!"

Mama akamwambia afunge mdomo wake, kifo hakialikwi mezani. Mimi nimekasirika. Kesho naenda vilevile.

Jumatano, 9 Novemba

Nimeingia. Saa nzima hakuna aliyenisogelea. Halafu Ami Sassi, aliyechimba zamu moja na Baba, akagonga meza: "Jamani, leo hatuchezei kahawa. Anayefungwa achomwe!"

Vicheko. Hawa wangechezea hata meno yao, ilimradi iwe chkobba, karata yao ya kila siku. Mpaka alasiri nimechanja kumi na tisa! Kila mmoja amekuja kainamisha kichwa, wenzake nyuma wanampigia makofi. Sikujali. Mkono ni mkono.

Baba alikaa kona ya mbali. Michezo sita, kashinda sita. Kwangu hakugeuka.

Alhamisi, 10 Novemba

Ujinga wangu! Nimeshangilia mapema.

Sasa mji mzima unajua kwamba aliyechanjwa ndiye aliyefungwa. Leo fundi viatu alikuja kwa hiari yake, wakamzomea: "Kakufunga nani, mkeo?" Akageukia mlangoni. Nikapaza sauti: basi, kuanzia leo anayeshinda ndiye achomwe! Ami Sassi akatikisa kidole. "Binti yangu, sheria ya karata haibadilishwi na asiyecheza." Watano tu wamechanjwa.

Na Baba hajafungwa na mtu tangu nikiwa shule ya msingi. Hata akitaka sasa, atanipaje mkono bila kuitwa aliyefungwa? Nimemfungia mlango kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi, 12 Novemba

Jirani wa ng'ambo ya reli amepelekwa hospitali. Mafua makali. Baba alikwenda kumwona, akarudi jioni. Nilipomwuliza: "Wamemtia mpira puani." Basi. Akalala na viatu miguuni.

Jumatatu kisanduku cha barafu chenye chanjo kinarudishwa mkoani. Kwa hiyo siku mbili hizi natafuta mtu wa kumfunga Baba. Ndiyo, nimefikia hapo! Nimemwomba tarishi wa posta. Nimemwomba mwalimu wa hesabu. Wote wamecheka. "Belgacem? Karata zikishatoka anazijua zote, kama wanawe."

Mama alikuwa anakanda unga, hakuinua hata kichwa. Akauliza: na wewe karata ulifundishwa na nani?

Wallahi, sikuwa nimewaza.

Jumatatu, 14 Novemba

Naandika hapahapa mkahawani, haraka.

Mchana nilivuta kiti, nikaketi mbele ya Baba. Nikasema sheria haibadilishwi na asiyecheza, basi nimekuja kucheza. Ami Lazhar akadondosha kijiko. Baba akanitazama mpaka nikahisi masikio yanawaka. Nilidhani atainuka atoke, na asirudi tena humu kwa aibu yangu.

"Changa," akasema. "Tena changa vizuri, si kama mamako."

Mpaka pointi ishirini na moja. Watu wamepanda juu ya viti. Ananitania, ananiita daktari, ananiuliza kama zahanati inatibu na waliofungwa. Sijawahi kumfunga maishani mwangu. Lakini nimeng'ang'ana kama kupe. Ishirini kwa ishirini! Duru ya mwisho.

Zamu yake. Akatoa saba ya uru. Hapa wanaiita saba iliyo hai. Peke yake ni pointi nzima, na mwenye nayo huibana mpaka aione njia ya kuila mwenyewe. Baba akaiweka mezani wazi, polepole, mbele yangu.

Ami Sassi akapiga yowe. "Belgacem! Umepofuka?"

"Macho yamechoka," akasema Baba.

Hapohapo adhana ya alasiri. Wakainuka. Baba akalaza karata zake kifudifudi, akaamuru mtu asiguse, akaenda kutawadha.

Macho yamechoka! Baba hajawahi kukosea karata. Saba ya kopa na ya pau zimeshaliwa, kaziona. Anajua ya shupaza iko wapi. Ninayo mimi, na saba huila saba: ndiyo pointi inayonibakia. Nikiila ile yake mbele ya hawa wote, mkahawa mzima utamcheka mpaka Ramadhani, na yeye anajua hilo pia. Nataka kulia, na nina karata mkononi.

Wanarudi. Baba yuko mbele, maji bado yanamdondoka ndevuni. Mtu akitawadha hukunja mikono ya shati hadi viwikoni, akimaliza huishusha. Wa kulia ameushusha, amefunga na kifungo. Wa kushoto umekunjwa hadi begani.

Anaketi. Ananiuliza kama nacheza au naandika