Risasi za Mgongoni

Voi, Jumamosi, Agosti 1974

Upepo wa leo umeleta vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Nimekaa, nimesimama, nimetoka hadi barabarani, nimerudi. Mwili umekataa kutulia.

Jana nilikaribia kubaki chini ya Ziwa Chala.

Kazi yenyewe si kubwa. Bomba linalopandisha maji shambani limeziba mdomo huko chini, na akina mama wa kambi ya vibarua wa shamba hilo wanashuka ukuta wa mawe unaolizunguka ziwa na ndoo zao kila asubuhi. Mimi na Hamisi, mwenzangu wa kuzamia pale bandarini Mombasa, tumeitwa tulizibue.

Maji ya Chala ni baridi, kwa hivyo tulipewa suti mpya za mpira mnene. Nilipoingia majini, suti ikanielesha kama boya. Napiga miguu, kichwa hakizami. Nikaamua kuongeza risasi, vile vipande vizito vya madini vinavyomzamisha mzamiaji. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umejaa, basi vipande vingine nikataka vifungwe kwa kamba mgongoni, kwenye mtungi wa hewa.

“Huko nyuma mkono haufiki,” Hamisi alisema.

Nikamwambia afunge tu.

Chini, maji yaliibana ile suti ikawa nyembamba, ikaacha kuninyanyua. Nikashuka kwa kasi, masikio yakiuma. Halafu risasi za nyuma zikanipindua chali kama kobe. Mwangaza ukawa juu yangu, unazidi kuwa mdogo.

Nikapapasa mgongoni. Mkono haukufika.

Nikaufungua mkanda, ukaenda zake gizani. Bado nilikuwa mzito. Nikavuta kamba ya usalama, ambayo Hamisi aliishika huko juu, nikavuta tena, naye akanipandisha polepole. Hakunigombeza. Alikata kamba, akazitoa zile risasi za mgongoni, akazitupa nyuma ya gari.

Leo fundi wa betri hapa mjini ametuyeyushia risasi nyingine. Nilikuwa uani nazipanga kwenye mkanda mpya, zote kiunoni, kulia na kushoto sawasawa, mke wangu Wakesho alipotokea.

“Kwani ule wa zamani uko wapi?”

Nikamweleza yote. Hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauinua mkanda, akaupima uzito kwa mikono miwili.

“Na huu ukikuvuta?”

“Naufungua.”

“Fungua nione. Fumba macho.”

Nikaufunga, nikafumba macho, nikafungua. Ukaanguka vumbini.

“Tena. Kwa mkono wa kushoto.”

Safari hii ulikataa. Kipande kimoja kilikuwa kimeteleza kikakalia bizimu, kile kifungio cha mkanda. Nilivuta, nikavuta, jasho likanitoka hapo hapo uani, nikiwa na hewa yote ya Voi.

Wakesho alinitazama.

Nimetoa vipande viwili vilivyokuwa karibu na bizimu, na vilivyobaki nimevibana kwa uzi visiteleze. Maji ya ziwa si ya chumvi, hayahitaji uzito wote ule. Nilijua hilo, lakini jana nilikuwa na haraka. Jumatatu nitashuka nikijivuta kwa bomba lenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine. Nikihisi nazama, nitapanda, hata kama bomba litabaki limeziba.

Nimejaribu mkanda tena. Umefunguka. Nimejaribu tena.

Wakesho yuko jikoni, anapika. Ingekuwa ni yeye anayeshuka, mimi ningemruhusu?