Mshale wa Kibla kwenye Ramani ya Hadado

Jumatatu, 3 Februari
Ramani ya vyoo vya shule ya Hadado. Asubuhi nzima nimebadilisha maandishi, moja baada ya jingine. Kila nikifungua ramani mpya, programu ya kuchorea inanirudishia vile viherufi vya sisimizi. Abti hawezi kuvisoma. Ni mjomba wangu, ndugu ya mama, na ndiye fundi mkuu wetu wa ujenzi. Ndiye aliyenisomesha mpaka nikajua kuchora. Macho yake yanafifia na najua mimi tu. Injinia, bosi wetu hapa ofisini, akijua atatafuta fundi mwingine.

Jumanne, 4 Februari
Nimeandika skripti, programu ndogo ya kuiamuru ile ya kuchorea. Sasa nikifungua ramani, kila kitu kinajipanga chenyewe: maandishi ya milimita tano, vipimo vinene, mshale wa kaskazini juu ya karatasi. Kwetu huku kaskazini ndiko kibla. Abti huanza na mshale huo, anaugeuza uelekee anakoswalia, kisha ndio asome mengine.

Injinia ameuliza mbona maandishi makubwa hivi. Nikasema ni kwa sababu ya vumbi la saiti. Uongo mdogo. Joto la Garissa leo ni la kuchemsha ubongo, lakini nina furaha.

Alhamisi, 6 Februari
Abti amepata ramani. Amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Hadado: ameisoma bila kuomba mtu. Anacheka mwenyewe. Nimeusikiliza mara tatu.

Jumatano, 12 Februari
Balaa. Shimo limeshachimbwa, msingi umeanza. Leo mwalimu wa duksi, anayefundisha watoto Kurani, amepita pale akauliza: watoto watachuchumaa wakielekea wapi? Kibla. Vyoo vyote sita. Kujisaidia ukielekea kibla ni mwiko; hakuna mzazi atakayekubali.

Injinia alipiga simu mbele yangu, spika wazi. Abti akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, "Bole, injinia. Kosa ni ya mimi. Macho imechoka."

Mwaka mzima nimeyaficha macho hayo, na yeye ameyataja hivi hivi. Jumatatu fundi mwingine anapelekwa. Nilimkasirikia Abti. Mtu anayeswali mara tano kwa siku anakoseaje kibla? Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyowaza.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeifungua ramani tena. Kiwanja ni kirefu, na nilikuwa nimekilaza ili kienee kwenye karatasi. Kaskazini ya kweli iko kulia. Skripti iliweka mshale juu, kama nilivyoiamuru. Kosa ni langu.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikasingizia kuumwa kichwa, nikaenda nyumbani. Mwoga mimi.

Nimempigia Abti. Kumbe anajua. Mwalimu alipouliza tu, Abti alitazama ramani vizuri akaona mshale umedanganya. Anasema yeye amebakiza miaka michache ya kazi, mimi ndio naanza, nisimwambie mtu. Nimelia kwenye simu. Kisha nikamwambia sitamtii. Maishani mwangu sijawahi kumwambia hivyo.

Ijumaa, 14 Februari
Kabla ya swala ya Ijumaa nimemwonyesha injinia mshale. Nimemwambia habari ya macho pia, maana nimechoka kuficha. Nikamuuliza ni ukuta gani wa Abti umewahi kupinda. Akachukua simu, akamwambia yule fundi mwingine asiende.

Abti anabaki. Mimi nimepewa miezi mitatu ya majaribio, na kila ramani yangu ataipitia injinia kwanza. Ni haki.

Jumatatu, 17 Februari
Nimeirekebisha skripti. Mshale sasa unafuata kaskazini ya kiwanja chenyewe. Nimeizungusha ramani mara kumi, na mara zote umefuata. Milimita tano sikuzigusa. Injinia ameomba skripti hiyo iwekwe kwenye kompyuta zote za ofisi. Baadaye nikamwona anasoma ramani bila ile miwani yake ya kusomea. Nikajifanya sijaona.

Jumanne, 25 Februari
Hadado, na injinia. Shimo la kwanza limefukiwa. Abti alitandaza ramani mpya chini, akaweka mawe kwenye pembe. Akaigeuza polepole mpaka mshale ukaelekea kibla. Kabla ya kushika kamba ya kupimia msingi aliniangalia. Nikatazama jua, nikatazama mshale, nikamwitikia kwa kichwa.

Akaanza kusoma vipimo kwa sauti, mwenyewe. Injinia alikuwa anaviandika.